Mtazame Anaponyamaza: Kumpima Mwigizaji Aliyelelewa na Jukwaa

Ukiteremka na Lualaba kutoka Kindu, baada ya kilomita kama 300 mto unakataa kupitika na mizigo inahamia kwenye reli ya kwenda Kisangani. Hapo ni Ubundu, Ponthierville ya enzi za Wabelgiji. Pande hizo, kwenye mto Ruiki, John Huston alipiga sehemu ya filamu ya The African Queen mwaka 1951, akiwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Wenyeji wanaoijua filamu hiyo huitazama kwa ajili ya mto. Wageni huitazama kwa ajili ya Bogart, aliyepata Oscar. Mimi nakushauri umtazame mtu wa tatu, ambaye nusu saa haifiki kabla hajafa: Robert Morley, katika nafasi ya mchungaji Samuel Sayer. Ukishajua kumpima huyu, hutababaishwa tena na mwigizaji yeyote wa kando aliyetoka jukwaani, hata yule wa teatre ya parokia yako Kasuku au Alunguli.

Morley alizaliwa Uingereza mwaka 1908, akasomea uigizaji katika chuo cha RADA, London, akaanza kazi ya jukwaa mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1936 alimwigiza Oscar Wilde jukwaani, na miaka miwili baadaye alikuwa Hollywood akicheza mfalme Louis XVI katika Marie Antoinette. Ilikuwa filamu yake ya kwanza, na ikamfanya atajwe kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Wanaoshangaa hawajahesabu miaka aliyokwisha kusimama mbele ya watu walio hai, wanaokohoa na kusinzia akikosea.

Anza na sauti, kwa kuwa ndiyo inayowasaliti wengi. Jukwaani sauti lazima imfikie aliyekaa benchi la mwisho. Kwenye filamu maikrofoni iko karibu na kidevu. Aliyefunzwa vibaya atapiga kelele kama bado yuko ukumbini, au ataogopa na kunong'ona mpaka maneno yapotee. Aliyefunzwa vizuri hupunguza sauti bila kupunguza pumzi, kama Wagenia wanaovuka na mtumbwi wakiimba na kasia halikosi mapigo. Msikilize Sayer akiongoza wimbo kanisani mwanzoni mwa filamu. Waumini wanaimba ovyo, naye kadiri wanavyovurugika ndivyo anavyozidi kusukuma, na jasho linamtoka. Anaimba kwa nguvu zote, lakini unachokisikia ni mtu aliyechoka miaka mingi.

Halafu njoo kwenye chai. Kipimo kikubwa kiko hapa, na ningeomba uirudie sehemu hii mara mbili tatu. Bogart, yaani Charlie Allnut mwenye mashua, amekaribishwa mezani na mchungaji pamoja na dada yake Rose, na tumbo lake linanguruma. Linanguruma tena. Watazamaji wote wanamwangalia Bogart, na ni haki yao, ndiye stelingi. Wewe mwangalie mchungaji. Mwigizaji wa kawaida angekunja uso ili tujue amesikia. Morley anafanya kazi ngumu zaidi: anamwigiza mtu anayejitahidi asionekane amesikia. Heshima yote ya nyumba ile imo katika juhudi hiyo, na bila yeye mzaha wa Bogart ungeanguka chini.

Katika sehemu hiyo ya mwanzo mchungaji anapata pia habari kwamba mwanafunzi mwenzake wa zamani amefanywa askofu. Anachokisema ni cha adabu. Kinachokaa kati ya maneno ni kijicho, na hakioneshwi kwa jicho wala kwa ngumi. Ni kituo kidogo tu, kisha mazungumzo yanaendelea. Kiweke akilini. Baadaye askari wa Kijerumani wanachoma kijiji, mchungaji anapigwa kwa kitako cha bunduki, akili zinamtoka, na katika homa yake anarudi kwenye mitihani ya ujana na kushindwa kwake. Hapo utatambua kwamba kilio hicho kilikwisha kupandwa mezani, kwenye kile kituo. Mwigizaji asiyejua kazi huanza kuumwa siku ya kuumwa.

Sasa jambo litakalomchekesha mtu wa Maniema: Morley hakukanyaga Kongo kabisa. Sehemu zake zilipigwa studio, Uingereza, na huku Kongo aliyevaa nguo zake alikuwa mtu mwingine. Kwa hiyo kila mchungaji anapoonekana kwa mbali au kwa mgongo, linganisha mabega na mwendo. (Kijiji chenyewe, katika hadithi ya 1914 ya Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, kinaitwa Kungdu, jina ambalo mtu wa Kindu hawezi kulisikia asigeuke.) Lile joto tunaloliona, basi, limetoka shingoni mwake na katika uzito wa mikono yake. Jukwaani hakuna mto wala jua, na aliyelelewa huko amezoea kuja navyo mwenyewe.

Jihadhari pia na mazoea. Morley wa miaka ya baadaye aliitwa mno kucheza bwana mnene wa Kiingereza mwenye majivuno, na mara nyingine alileta tumbo na nyusi tu, basi. Wahakiki tuwe wapole hata hivyo: katika Theatre of Blood ya 1973 alimcheza mhakiki anayelishwa mbwa wake mwenyewe ndani ya pai na mwigizaji aliyemkosoa.

Ukimaliza naye, ruka hadi mwisho wa The African Queen, kwenye meli ya Kijerumani. Nahodha ni Peter Bull, mtu wa jukwaa naye, ambaye mwaka 1955 angecheza Pozzo katika Waiting for Godot ilipofunguliwa London. Anaombwa awaoze Rose na Allnut kabla ya kuwanyonga. Anawaoza, kisha anaamuru wanyongwe. Sikiliza kama sauti imepanda au kushuka kati ya ndoa na kitanzi.