Karabini ya kweli na bunduki iliyokatwa

Mnunuzi mzoefu wa gari pale Kariakoo, Dar es Salaam, hafungui boneti ili atazame rangi. Anatafuta namba ya chesisi, anashuka kwenye namba ya injini, kisha anaomba kadi aone kama vyote vinasema kitu kimoja. Karabini za kale nazikagua kwa macho hayohayo.

Karabini ni bunduki fupi ya askari wa farasi. Ninazozipenda ni za miaka ya 1870, majeshi yalipokuwa yameacha kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, kama gobore, na kutia risasi kwa nyuma, moja moja. Hapa kwetu jifunze mbili: Mauser ya Kijerumani ya mwaka 1871, inayofungwa kwa komeo, na Martini-Henry ya Kiingereza. Wenzo wa Martini ukishushwa, kizibo cha chuma kinainama na kuacha njia ya risasi.

Lakini pwani hii haikuwa nchi ya farasi, mbung'o waliwamaliza. Vita vilipiganwa kwa miguu na mizigo ilibebwa vichwani, na jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Askari wengi wa Wajerumani mwaka 1914 bado walikuwa na Mauser ya 1871 ya askari wa miguu, moshi wa baruti ukiwafichua porini. Raia naye alibaki na gobore, kwa sababu Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha bora kuuzwa Afrika. Kwa hiyo ukioneshwa karabini ya farasi, swali la kwanza ni hili: ilizaliwa fupi, au ilikatwa?

Kasimame mbele ya Sanamu ya Askari, Barabara ya Samora, iliyowekwa mwaka 1927. Bunduki yake ina singe iliyoelekezwa bandarini. Karabini ya farasi, iwe ya Mauser au ya Martini, haina pa kufungia singe. Ukikuta kishikizo chake, au alama ya tupa mahali kilipong'olewa, umeshajua hiyo si karabini ya farasi ya kweli. Kisha pitisha kidole kwenye mdomo wa mtutu. Wa kiwandani ni mviringo sawasawa, na mifereji ya ndani inafika ukingoni bila kuchanika; Martini-Henry ina 7. Msumeno huacha mdomo ulioegemea upande mmoja, hata ukipigwa msasa namna gani. Tazama pia komeo la Mauser: mkono wa karabini umepindwa chini usimkwaze mpanda farasi, wa bunduki ndefu umenyooka.

Baada ya hapo, soma chuma. Wajerumani waligonga namba hata kwenye vipande vidogo, nami huzifuata moja moja hadi kwenye skrubu. Kwenye Martini ya farasi natafuta taji, herufi VR, mwaka, na alama I.C.1. Nakala nyingi zilitengenezwa na mafundi wa mpakani mwa Pakistan na Afghanistan, mikono hodari kweli, ila wengine walinakili maandishi wasiyoyasoma: N imegeuka, au VR imekaa juu ya mwaka uliokuja baada ya Malkia Victoria kufariki, Januari 1901.

Kuhusu kung'arisha, sina msimamo wa kati. Nawaheshimu mafundi wa Gerezani, lakini usiwapelekee karabini. Grinda ikipita mara moja, kingo za herufi zinalainika, tundu za skrubu zinapanuka, na ushahidi wote niliousema hapo juu umekwenda. Bora chuma cha kahawia kilichotulia na mti wenye makovu ya tandiko.

Muuzaji asiye na karatasi muache na bidhaa yake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kibali, na umri wa bunduki usikufanye ujione uko salama.

Mwisho natumia sikio. Nikishahakikisha chemba ni tupu, nashusha wenzo wa Martini na kuurudisha taratibu. Iliyotunzwa vizuri hufunga kwa mlio mmoja mzito, bila kutikisika. Nikisikia milio miwili, narudi kwenye namba na kuanza upya.