Ustadi wa Kubakiza

Yuko fundi mmoja, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa hapendi kutajwa, anayelinda seva ya utafutaji katika nyumba moja ya nyaraka. Na kwa mtu aliyezoea kuwatazama mafundi wa nyundo na sindano, kazi yake haina cha kutazamwa. Huketi. Huangalia mistari inayopanda na kushuka kwenye kioo, huandika tarakimu moja katika daftari, huenda zake, na kesho yake hurudi kuiangalia mistari ile ile. Nilipomuuliza kwa nini habadilishi kitu, naye analalamikiwa kila siku kwamba majibu yanachelewa, alinijibu kwa upole, "Bwana, bado sijajua inaumwa wapi." Huyu ni mtu aliyekabidhiwa mashine yenye gigabaiti 64 za kumbukumbu, mamia ya faharasa za magazeti na barua na daftari za zamani, pamoja na idhini ya kufanya apendavyo, nami katika idhini yote hiyo nilistaajabia jinsi alivyoitumia kwa uchache. Nataka kuusifu ustadi wake maadamu wangali wako wanaoujua, nao ni ustadi wa kubakiza.

Kazi ya faharasa yenyewe ni ya kale, na aghalabu imefanywa na watu wa subira. Katika karne ya 13 watawa wa Kidominika wa Paris, chini ya Hugo wa Saint-Cher, waliyakusanya maneno ya Biblia neno kwa neno, wakaonyesha kila moja limetajwa wapi. Na mwaka 1945 huko Cairo Muhammad Fuad Abd al-Baqi alitoa faharasa ya matamko ya Kurani, akijenga juu ya kazi ya Gustav Flügel iliyochapishwa Leipzig mwaka 1842. Mwenye Kurani kifuani hana haja kubwa ya kitabu hicho. Sisi tulio wengi, ambao vifua vyetu vimejaa mambo ya upuuzi, hatuna budi kukifunua. Seva ya utafutaji haina jambo jingine ilifanyalo ila hilo: hulichukua kila neno, hulitungia orodha ya hati ambamo limetajwa, kisha hungoja kuulizwa. Lakini Abd al-Baqi alifanya kazi juu ya karatasi, na karatasi humwonyesha mtu mwisho wake. Kumbukumbu ya mashine haionyeshi, nayo humhadaa mwenye tamaa akadhani haina mwisho.

Waliotangulia hawakuhadaika, pengine kwa sababu hawakuwa na wingi wa kuwahadaa. Mwaka 1998 Sergey Brin na Lawrence Page, wakiwa wangali wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, waliandika maelezo ya mtambo wao wa Google, uliokuwa umekwisha kukusanya kurasa milioni 24. Na ndani ya maelezo hayo kuna aya ambazo mimi huzirudia kuzisoma kwa furaha ambayo watu wengine huipata katika mashairi. Msamiati wao ulikuwa na maneno milioni 14, nao waliutia wote katika kumbukumbu ya mashine yenye megabaiti 256, kiasi ambacho simu ya leo hukimaliza kabla haijafanya lolote la maana. Kila mahali ambapo neno la kawaida lilitokea palitengewa baiti 2 tu, yaani biti 16, na biti hizo ziligawanywa kwa insafu kama urithi unavyogawanywa mbele ya kadhi: 1 ikawa fungu la herufi kubwa au ndogo, 3 fungu la ukubwa wa chapa, na 12 zilizosalia zikaonyesha nafasi ya neno ndani ya hati. Biti 12 haziwezi kuhesabu kupita 4,095. Basi neno likitokea mbali zaidi ya hapo, liwe la elfu tano au la elfu hamsini, lilipewa alama moja na wenzake, alama ya kuwa liko mbali, na mambo yakaishia hapo. Kuna mtu aliyeketi akatafakari, akaamua kwamba tofauti ya mbali na mbali zaidi haistahili kununuliwa. Uamuzi wa namna hiyo haufanywi na mtu ambaye hajapata kukosa nafasi.

Roho hiyo hiyo ilikuwamo katika Lucene, programu ambayo Doug Cutting aliiandika na kuitoa bure, ikaingia katika jamaa ya Apache mwaka 2001, na juu yake zikajengwa seva za utafutaji Solr na Elasticsearch zinazotumiwa na ofisi nyingi leo. Ukurasa wa kutangaza sifa zake ulijivunia kwamba yaitosha megabaiti 1 ya hipu, yaani lile eneo la kumbukumbu ambalo programu ya Java hujitengea kwa vitu vyake. Megabaiti 1! Siku hizi mtu akilitaja jambo hili mbele ya vijana hudhaniwa amekosea kipimo.

Katika gigabaiti 64 za mashine yake, fundi niliyemtaja aliipa hipu 30, akaziacha 34 bila kuzigawia programu yoyote. Kijana mmoja mwenye shahada na haraka aliiona hesabu hiyo akasema ni mali iliyolala bure, na kwa mtazamo wa juu juu alikuwa na hoja. Ila faharasa hazikai ndani ya hipu. Hukaa katika mafaili ya diski, na mfumo endeshi, Linux kwa mfano, huyaweka yale yasomwayo mara kwa mara katika kumbukumbu iliyobakia, bila ya kuamrishwa na mtu wala kudai shukrani. Hiyo inayodhaniwa imelala ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote. Ukiipokonya nafasi hiyo ukaipa hipu, maswali yatalazimika kushuka diskini kila mara, huku programu imelimbikiziwa mali isiyokuwa na matumizi nayo. Mwaka 2012 Uwe Schindler, mmoja wa waandishi wa Lucene, ilimlazimu kuwasihi watu hadharani waiache Lucene iyasome mafaili yake kwa njia hiyo, wala wasitishike na tarakimu kubwa wanazoziona kwenye vioo vyao.

Tena liko jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo tamu zaidi. Hipu ikiwa chini ya takriban gigabaiti 32, Java huiandika anwani ya kila kitu kwa baiti 4; maana vitu vyake hupangwa kwa hatua za baiti 8, na anwani za biti 32 zikizidishwa kwa 8 hufika hapo hapo na kukoma. Ukiuvuka mpaka huo, kila anwani huhitaji baiti 8, na programu yenye kutunza mamilioni ya anwani hujikuta katika dhiki. Hipu ya gigabaiti 40 yaweza isibebe zaidi ya hipu ya 31. Mtu amenunua, amelipa, amejisifu kwa wenzake, na alichozidishiwa ni uzito wa anwani tu. Tena mzoa taka wa Java, anayeondoa katika hipu vitu visivyohitajika tena, na ambaye katika nyakati mbaya husimamisha kila kazi mpaka amalize kufagia, amepewa ua mpana zaidi wa kuufagia.

Wingi wa faharasa ni mtihani mwingine. Tangu Shay Banon alipoitoa Elasticsearch mwaka 2010 hadi toleo la 7 la mwaka 2019, programu hiyo iliigawa kila faharasa mpya katika vipande 5, ila kama imeambiwa vinginevyo. Na kwa kuwa ilikuwa rahisi kufungua faharasa mpya kila siku, watu walifungua kila siku. Mwaka mmoja wa desturi hiyo ni vipande 1,825, bila ya kuhesabu nakala, na kila kipande, hata kiwe na hati kumi tu, ni faharasa kamili ya Lucene yenye mafaili yake yaliyo wazi na fungu lake katika hipu. Watengenezaji wenyewe hatimaye waliona hatari, wakapunguza 5 kuwa 1 na kuweka kikomo cha vipande 1,000 kwa kila seva. Fundi wetu hakungoja kikomo. Alizikusanya faharasa za siku kuwa za mwezi, kila moja na kipande kimoja, na kila mwaka ukabakiwa na vipande 12. Hakununua chochote.

Baada ya hapo ndipo alipozitazama nyuzi, yaani mikondo ya kazi ambayo programu huiendesha sambamba, kwa sababu nyuzi hazieleweki mpaka vipande vihesabiwe. Kila uzi hushika kazi moja kwa wakati mmoja, na swali la mtu mmoja, likielekezwa kwa faharasa zote, hupasuliwa kuwa kazi nyingi kwa kadiri ya vipande vilivyopo. Elasticsearch hukadiria nyuzi za utafutaji kwa kanuni: idadi ya vichakataji mara 3, gawa kwa 2, ongeza 1; hivyo vichakataji 16 hupata nyuzi 25, na mbele yao huwekwa foleni ya nafasi 1,000. Foleni ikijaa, ombi linalofuata hukataliwa. Hapo ndipo wasio na subira wanapokosea. Huona neno la kukataliwa, hukasirika, huongeza nyuzi zikawa 200 na foleni ikawa 10,000. Na vichakataji, ambavyo havikuongezeka hata kimoja, hupoteza muda vikiacha uzi huu na kushika ule, huku maombi yaliyopangwa foleni yakila kumbukumbu, na jibu likifika kwa mtu aliyekwisha kufunga ukurasa na kwenda kulala. Seva inayokataa mapema imesema kweli kwa adabu. Inayopokea kila kitu imemwahidi kila mtu asichokipata, na sisi tuliokulia katika ofisi za "njoo kesho" twaijua ahadi hiyo.

Nilipoonyeshwa faili la mipangilio la fundi huyo nilikaa nalo muda mrefu kuliko ilivyonibidi. Kila tarakimu ina tarehe ubavuni pake na sababu, kwa sentensi fupi za Kiswahili safi: kwa nini 30 na si 31, nani alilalamika mwezi gani, mistari ilikuwaje kabla na baada. Penye muda wa kuonekana kwa hati mpya, ambao kwa kawaida huwa sekunde 1, ameandika sekunde 30, na chini yake: "Hati hizi zina umri wa miaka hamsini, zaweza kungoja nusu dakika." Sijaona maelezo bora ya kazi yoyote ya serikali au ya binafsi. Mafaili mengine niliyopata kuyaona yana tarakimu zilizonakiliwa kutoka mahali fulani na mtu fulani, na anayezirithi huziogopa kama hirizi, hathubutu kuzigusa wala kuzieleza.

Siku hizi tiba ya kila ugonjwa ni moja. Utafutaji ukichelewa, huongezwa mashine. Ukichelewa tena, huongezwa ya pili, na fedha zinazoteketea hivyo hazionekani na mtu kwa kuwa hulipwa mwisho wa mwezi na idara nyingine. Wakati huo huo kazi zilizostahili fedha hizo zangoja: Elasticsearch huja na vichanganuzi vya lugha zaidi ya 30, Kibaski na Kigalisia zikiwamo, na Kiswahili hakimo, hata anayetafuta "kitabu" haletewi "vitabu" mpaka fundi ajitengenezee njia yake mwenyewe. Mafundi wa kufanya hivyo wanapungua, maana huduma za kukodi zimewaambia wakubwa wa ofisi kwamba hawahitajiki. Huko mbali, ndani ya huduma hizo, hipu zingali zinapimwa na nyuzi zingali zinahesabiwa, na nina yakini kwamba wako mastadi wanaoketi na kutazama kama inavyostahili. Lakini wameketi nyuma ya mlango ambao mwanafunzi wetu hauingii, na jicho halifundishwi kwa kuambiwa kwamba kuna mtu mwingine anayeona. Kijana wetu anayekodi aijua vizuri bei ya saa moja ya mashine. Muulize faharasa zake zina vipande vingapi, atakwambia kwamba hilo si lake kulijua. Na kwa masharti aliyoyatia saini, ni kweli si lake.