Posa Tatu na Penseli Moja

Mwalimu huchonga penseli kwanza. Darasa lake la fasihi hukutana Jumamosi katika chumba cha ghorofani, hatua chache kutoka Barabara ya Uganda mjini Eldoret, na kitabu kilicho mezani ni Pride and Prejudice, riwaya ya mapenzi ya Jane Austen iliyochapishwa London mnamo Januari 1813. Wanafunzi wameshaimaliza hadithi na wanajua nani anaolewa na nani. Leo wanaichunguza ilivyoundwa.

Wanaanza na sura ya kwanza. Bi. Bennet anamletea mumewe habari kwamba jumba la Netherfield limepata mpangaji, kijana tajiri asiye na mke. Mwalimu anapiga mstari chini ya maneno ya msimulizi peke yake. Mistari inatoka michache mno. Msimulizi anatuonyesha msemaji mara chache, kisha anajitoa, na mazungumzo yanasonga bila hata “alisema”. Hata hivyo msomaji hapotei, kwa maana sauti hizo mbili hazifanani. Mke hurukia jambo jipya kabla la kwanza halijatulia. Mume hujibu kwa ufupi, akijifanya haelewi, ili mkewe azidi kueleza.

Baada ya macho, masikio. Wanafunzi wawili wanasoma kwa sauti, mmoja mke, mwingine mume. Mwalimu anawasimamisha pale Bw. Bennet anapoambiwa jambo asijibu. “Hiyo nayo ni zamu yake ya kusema,” anawaambia, na kukitia kimya hicho duara. Maelezo ya tabia yanakuja mwishoni mwa sura: kwamba miaka 23 ya ndoa haijamtosha mke kumwelewa mumewe. Msomaji akifika hapo, ameshajionea mwenyewe.

Kisha posa. Wengi darasani wamewahi kuhudhuria koito, kikao cha Wakalenjin ambapo familia mbili hukutana kuzungumzia ndoa na mahari, kwa hiyo wanajua uzito wa neno linalosemwa siku hiyo. Katika sura ya 19, kasisi Collins anamposa Elizabeth, binti wa akina Bennet, kwa kuorodhesha sababu zake za kuoa: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mapenzi anayataja mwishoni. Mwalimu anaweka rula pembeni mwa ukurasa na kupima: aya za Collins ni ndefu, majibu ya Elizabeth ni mafupi. Anapokataliwa, Collins anachukulia kuwa ni desturi ya wanawake kukataa kwanza. Hakuna mahali mwandishi anapohitaji kusema kwamba mtu huyu hasikilizi.

Sura ya 34 inadai utulivu zaidi. Darcy, tajiri mwenye kiburi, anamtamkia Elizabeth mapenzi yake kwa sentensi chache za usemi halisi, halafu Austen anageukia usemi wa taarifa na kufupisha yaliyobaki, yale ya unyonge wa ukoo wa Elizabeth. Kwa nini afupishe? Mwalimu anauliza na kungoja. Haongezi neno. Hatimaye binti mmoja anajibu: tunayapokea maneno hayo kama Elizabeth alivyoyapokea, dharau ikibaki na mapenzi yakififia. Lakini jibu la Elizabeth linatolewa neno kwa neno, likimwambia Darcy kwamba hakutenda kiungwana. Sura ya 58, anapoposa tena, Darcy anakiri kwamba kauli hiyo ilimtesa. Na Elizabeth anapokubali, jibu ambalo msomaji amelisubiri kitabu kizima, Austen analitoa kwa taarifa tu.

Ustadi huu ulitokana na kukata. Austen alianza riwaya hiyo mwaka 1796, na mwaka uliofuata babake alipomwandikia mchapishaji mmoja wa London, mchapishaji huyo alikataa hata kuuona mswada. Kitabu kilipotoka, Austen alimwandikia dadake Cassandra kwamba alikuwa amekipogoa sana, na akakubali kwamba “alisema” moja mbili zaidi zingesaidia. Mswada huo haupo tena, ila sehemu kubwa ya mswada wa riwaya aliyoiacha bila kuimaliza, The Watsons, imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford. Ndani yake kuna vipande vya karatasi alivyovibana kwa pini pale alipoandika upya, kama fundi cherehani anayerekebisha nguo kabla ya kushona.

Mwishoni wanafunzi huandika ukurasa wa mazungumzo yao wenyewe, bila majina wala “alisema”, na kubadilishana. Msomaji akishindwa kutambua nani anasema, ukurasa humrudia mwenyewe. Mwalimu humpa karatasi nyingine wala hamharakishi. Kitabu kilicho mezani kilichukua zaidi ya miaka 16 kufika kwa msomaji wake wa kwanza, na ubora wa kila sauti iliyomo ni matunda ya muda huo.