Kidole Udongoni

Mibamia yangu ya kwanza niliiua kwa mapenzi. Ilikuwa 24, safu tatu nyuma ya nyumba hapa Kiboko, na kila ilipolegeza majani saa saba mchana nilitoka mbio na kopo la maji kama muuguzi wa zamu. Asubuhi niliinywesha, adhuhuri niliinywesha, jioni nikaiongeza kidogo ya kulalia. Wiki ya tatu majani ya chini yaligeuka manjano. Nilipong'oa shina moja, mzizi ulitoka umelainika, unanuka kama tambara lililosahauliwa ndooni. Jirani yangu, mama mzee ambaye sote hapa tunamwita Mwaitu, aliegemea ua akanitazama bila haraka.

"Mwanangu," akasema, "Ukambani nimeona mimea ikifa kwa kiu tangu nizaliwe. Yako ndiyo ya kwanza kuona ikifa maji."

Ufundi ninaotaka kuusifu ndio huo ulionishinda siku ile: kuunywesha mmea na kuulisha kwa vitu vya nyumbani, bila mfuko wa mbolea ya dukani. Ni ufundi mdogo, hauna cheti wala sare. Nusu yake ni kutoa, na nusu iliyo ngumu ni kujizuia.

Kiboko ipo kando ya barabara kuu ya Mombasa, kama kilomita 160 kutoka Nairobi, katika kaunti ya Makueni. Msafiri huijua kwa migunga yenye magome ya manjano iliyozunguka bwawa la Hunter's Lodge, na kwa tumbili wanaoitazama ndizi yake kuliko yeye mwenyewe anavyoitazama. Sisi wakazi hesabu yetu ni ya maji. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 600, nayo huja kwa misimu miwili isiyolingana kwa uaminifu: ile ya Oktoba hadi Disemba hutimiza ahadi mara nyingi, ile ya Machi hadi Mei ni ya kuombewa. Lakini kusini kwetu kuna vilima vya Chyulu, na vilima hivyo ni vya mawe ya volkano yenye matundu kama sponji. Mvua ikinyesha kule haitiririki. Huzama, ikasafiri gizani chini ya lava, kisha ikachomoza mbali sana na pale ilipoangukia. Chemchemi za Mzima, ambazo maji yake hunywewa hadi Mombasa, ni watoto wa Chyulu. Mto wetu wa Kiboko ni wa ukoo huohuo. Ndiyo maana unaweza kusimama kwenye vumbi jekundu, mbuzi wakitafuna miba, na hatua chache mbele ukakuta maji ya baridi yakipita chini ya miti mirefu kana kwamba yamepotea njia.

Chyulu ndivyo vilivyonifundisha kabla sijamsikiliza Mwaitu vizuri. Kilima kinakunywa polepole na kwa kina, kisha kinatoa kidogo kidogo. Bustani yangu nilikuwa nikiinywesha kinyume kabisa: mara nyingi, na juujuu.

Mwaitu alinipa kipimo kimoja tu. Chomeka kidole cha shahada udongoni hadi kifundo cha pili. Kikitoka na udongo umeganda, rudi ndani ukanywe chai. Kikitoka kikavu, lete maji. Nilidhani ananifanyia mzaha, maana nilikuwa nimetarajia ratiba ya kubandika ukutani. Lakini ratiba haijui kama jana kulikuwa na upepo, wala haijui kwamba shina lililo karibu na ukuta wa mabati hupikwa pande zote mbili. Kidole kinajua. Na kule kulegea kwa majani saa saba mchana, nilikokuwa nikikuchukulia kuwa kilio, ni mmea kujikunja dhidi ya jua. Ukiutazama tena saa kumi na mbili jioni utaukuta umesimama wima. Ukiukuta bado umelala alfajiri, hapo ndipo kuna kiu.

Sasa natumia mtungi mmoja wa lita 20 kwa mashina manane, mara mbili kwa wiki, mashina yakishakomaa. Miche ndiyo hupewa kidogo na mara kwa mara. Namwaga kabla jua halijachomoza, taratibu, nikisubiri udongo umeze kabla ya kuongeza, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukikauka hufunga uso kama sakafu, na maji ya haraka hukimbilia kwa jirani. Juu yake natandaza nyasi kavu, unene wa kiganja kilicholala. Zile nyasi zimeniokolea maji kuliko ujanja mwingine wowote ninaoujua.

Isipokuwa chungu. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kilichofukiwa hadi shingoni katikati ya mashina manne, kikajazwa maji na kufunikwa. Maji hupenya ukutani mwake kadiri udongo wa nje unavyokauka. Udongo ukilowa, chungu kinanyamaza. Wachina waliandika kuhusu njia hii katika kitabu cha kilimo cha Fan Shengzhi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mimi niliijua nilipoona nyanya zikistawi kuzunguka chungu kilichopasuka mdomo, ambacho mwenyewe alikuwa ameona haya kukitupa. Sijaona kifaa cha kumwagilia chenye adabu kama hicho.

Kunyima maji nako kuna wataalamu wake hapahapa. Katika kituo cha utafiti cha KALRO kilichopo Kiboko, watafiti hupanda mahindi wakati wa kiangazi, wakayanywesha, kisha wakafunga maji kusudi yanapokaribia kutoa maua, ili waone ni aina gani itavumilia. Mbegu nyingi zinazostahimili ukame zimepimwa kwa ukatili huo wa makusudi. Nikipita kwenye ua wao huwa nayaonea mahindi huruma, halafu nakumbuka kwamba mimi niliyaua yangu kwa kuyahurumia. Yaani mibamia. Mahindi sijayathubutu.

Tuje kwenye chakula. Hapa ndipo mwanagenzi hupotea mara ya pili, kwa sababu ameshajifunza kuwa maji yakizidi huua, lakini bado anaamini kwamba samadi haiwezi kuzidi. Huku samadi ni ya mbuzi, na ni ya kujivunia: kavu, ndogo kama maharagwe, rahisi kubeba. Ikiwa mbichi huchoma mizizi. Naikusanya pamoja na majani na mabaki ya jikoni, naloweka, nafunika, nageuza kila baada ya wiki mbili hivi. Ikishapoteza harufu ya zizi na kupata ile ya msitu baada ya mvua, iko tayari. Mwingereza Albert Howard alijulikana duniani kwa kufundisha jambo hilo, akilitaja kwa jina la mji wa Indore nchini India alikolifanyia majaribio. Na kitabu chake cha 1940 bado kinasomwa na wakulima wa kilimo hai. Hapa Kenya taasisi ya KIOF imekuwa ikifundisha wakulima wadogo mambo hayohayo tangu 1986. Na kama kuna anayedhani kwamba Ukambani ni mwanafunzi tu wa elimu ya wengine, amuulize mtaalamu yeyote wa udongo, awe wa Delhi au wa Lima, maana ya matuta ya "fanya juu". Atamjibu kwa Kiswahili hichohicho. Neno lilitoka kwenye miteremko hii.

Kwa mimea iliyokwisha simama, natengeneza chai. Gunia dogo la samadi linaning'inizwa kwa fimbo ndani ya pipa la maji, linakaa wiki mbili, nikilikoroga kila jioni. Harufu yake siku ya tano siwezi kuitetea mbele ya wageni. Ikiiva, naichanganya na maji hadi ipate rangi ya turungi hafifu, ile ya mwisho wa mwezi majani yakiwa yamebaki punje chache. Kwanza nalowesha udongo kwa maji matupu, ndipo namimina chai, kopo moja kwa shina, mara moja kila wiki mbili. Msimu wangu wa pili niliimimina ikiwa nyeusi, kila Jumamosi. Mibamia ikawa mirefu kuliko mimi, majani kama masikio ya ndovu, bila ua hata moja. Mmea uliolishwa kupita kiasi huacha kufikiria watoto.

Majivu nayo nilikosea. Niliambiwa ni mazuri kwa maua, nikamwaga beseni zima. Majani yakawa manjano huku mishipa imebaki kijani, kwa sababu majivu yalizidisha magadi kwenye udongo na mizizi ikashindwa kuvuta chuma ambacho kimo tele. Konzi moja kwa msimu ingetosha, na pengine hata hiyo si lazima katika nchi kame.

Kuna wakati nafikiri jinsi ardhi hii ilivyokuwa ikilishwa zamani. Katikati ya miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimtuma mwindaji J. A. Hunter, ambaye hoteli ya hapa imebeba jina lake, kuwaondoa vifaru Makueni ili watu wapewe makazi, naye akaua karibu elfu moja. Vifaru hao walikuwa wakisambaza samadi bila mshahara. Leo kazi yao naifanya mimi kwa toroli lenye tairi bovu.

Lazima niseme jambo kuhusu majani. Jani la bamia limechanwa kama vidole vilivyotandazwa, na binamu yangu aliyekuja kutoka Nairobi alisimama mlangoni akanong'ona, "Kaka, umeanza biashara gani?" Alidhani ni bangi. Nilimcheka, ingawa kosa lake limewahi kuwafika wakubwa kuliko yeye: mwaka 2014, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, bustani ya mzee mmoja ilionekana kutoka kwenye helikopta ya askari, ikavamiwa kwa silaha na mbwa, wakakuta ni bamia. Waliomba radhi. Kwetu bangi imekatazwa na sheria ya 1994, na wanaoipanda kwa siri nadhani huisumbukia maji na samadi kwa wasiwasi uleule wa mwanagenzi, pamoja na mwingine wa kuogopa mlango kubishwa. Mimi wasiwasi mmoja wanitosha.

Tena bamia ina fadhila ambayo haihitaji kufichwa. Ua lake ni la manjano mepesi lenye jicho la zambarau iliyoiva, linafunguka asubuhi na jioni limekwisha. Siku nne au tano baadaye tunda liko tayari, na ukichelewa siku mbili zaidi linakuwa kamba. Kwa hiyo mwenye mibamia hasafiri. Kila baada ya siku moja yuko shambani alfajiri na kisu, mikono mirefu ya shati imeshushwa kwa sababu ya upupu wake, na katika kupita huko huona kila kitu: jani lililokunjika, siafu waliohama, nyasi zilizopeperushwa, chungu kilichokauka. Nimekuja kuamini kwamba samadi bora ya bustani yangu ni hayo matembezi.

Mibamia ya safari hii ni 18. Mwaitu alipita jana, akachomeka kidole chake chini ya nyasi bila kuniomba ruhusa, akakitazama, akakifuta kwenye leso. Hakusema neno kuhusu maji. Aliuliza kama nina mbegu za kumgawia. Nimeacha matunda manne yakauke kwenye shina. Yakianza kupasuka, ni yake.