Mchezo wa Telefoni Unaotaka Kutufundisha Kula

Wasomaji wetu wengi wa Uvira, tangu Kavimvira mpaka Kalundu, wamekwisha kuuona mchezo huu mikononi mwa vijana, hata kama hawakuuliza jina lake. Mtu mdogo wa rangi-rangi akimbia peke yake katika njia iliyonyoka. Hawezi kusimama wala kurudi nyuma. Mchezaji humsogeza kwa kidole tu, kulia au kushoto. Njiani vimepangwa vyakula. Upande huu matufaha, karoti na maji. Upande ule chipsi, soda, keki, na ule mkate wenye nyama katikati uitwao hamburger. Akigusa vya kwanza, mwili wake hupungua na mbio huongezeka. Akigusa vya pili, tumbo hufura papo hapo, naye huanza kujikokota. Mwisho wa njia hupewa alama zake, na mchezo waanza tena. Yote hayo kwa dakika moja, au chini yake.

Majina ya michezo ya namna hii ni mengi, nayo huigana hata ni shida kuitofautisha. Kwa hiyo nasema habari za jamii yote, si za mmoja. Wazee wake ni Temple Run, uliotoka mwaka 2011, na Subway Surfers, uliotengenezwa Denmark mwaka 2012. Katika ule wa kwanza mtu aliwakimbia nyani wakali, katika wa pili alimkimbia mlinzi wa reli na mbwa wake. Siku hizi alikimbia tumbo lake mwenyewe.

Tuanze na sifa, maana mchezo huu unazo. Hauhitaji kusoma. Mtoto wa miaka mitano aufahamu kabla mkubwa hajamaliza kumweleza, tena aona mara moja kwamba alacho mtu chamgeuza. Walimu wa afya wenye picha zao ukutani hawajapata wanafunzi wenye macho makali namna hiyo. Na katika jambo la soda mchezo wasema kweli. Chupa moja ya sentilita 33 yaweza kuwa na gramu 35 za sukari, na mwaka 2015 Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isipite sehemu ya kumi ya nguvu ambayo mtu huipata katika chakula. Kwa mtu mzima ni kama gramu 50 kwa siku. Hapa mjini wako watoto wanaopata soda na biskuti mahali pa chakula cha mchana. Kwao mchezo huu haujakosea njia.

Lakini hebu tuuchukue mpaka sokoni.

Neno la kwanza utakaloliona ni kwamba katika mchezo kila kitu ni bure. Tufaha na keki vimewekwa sawa, umbali mmoja, bei moja, yaani hakuna bei. Mchezaji akikosea, basi ni uvivu wa kidole chake. Mama wa Uvira naye huingia sokoni na franga zake zimekwisha kuhesabiwa tangu nyumbani. Mukeke aujua ni mzuri, hahitaji kufundishwa. Anauliza bei, anaurudisha mahali pake, anakwenda kwa wauza ndagala. Na ndagala nao wana siku zao. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, maana samaki hufuata mwanga; mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, mitumbwi hupumzika, na fungu dogo hupanda bei. Mwaka 2024 upande wa Tanzania uvuvi ulifungwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Sisemi kwamba kufunga ni vibaya. Nasema kwamba katika pwani yetu kula vizuri kwategemea mwezi, mvua, amri za serikali na usalama wa njia, na hayo yote hayamo katika ile njia iliyonyoka.

Tena, nani achaguaye? Mtoto wetu hula pamoja na ndugu zake katika sahani moja. Hasogezi kidole kulia wala kushoto, hula kilichopikwa. Mchezo wampa uwezo asio nao, na juu ya yule mwenye uwezo hausemi neno. Akilifuata somo lake sawasawa, afanye nini jioni? Akatae bugali?

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni la kuhukumu chakula kwa sura yake. Katika mchezo kila kitu ni kizuri au kibaya chenyewe, kibichi, kikiwa peke yake njiani. Hakuna chungu. Hakuna moto. Sasa wauweke muhogo upande gani? Muhogo mchungu ulioloweshwa siku tatu hivi, ukaanikwa vizuri na kusagwa, ni chakula cha watu wengi wa Kongo. Muhogo ule ule, ukiloweshwa siku moja kwa haraka na kuliwa kila siku bila samaki wala maharage, waweza kuleta konzo, ugonjwa wa kukakamaa miguu usiopona. Habari zake ziliandikwa kwanza huko Kwango mwaka 1938. Na mwaka 2011 waganga waliandika kwamba umeonekana hata katika Kivu ya Kusini yetu. Mzizi ni mmoja, tofauti ni siku mbili za maji.

Mafuta ya mawese nayo ni vivyo hivyo. Katika michezo hii kila king'aacho mafuta ni adui. Lakini wekundu ule wa mawese ya Baraka na Fizi ndio wenye kumpa mtoto vitamini A, inayolinda macho. Ukiyachoma mpaka yageuke meupe, umeupoteza. Kijiko kimoja katika sombe ni msaada. Kukaanga kila kitu ndani yake asubuhi na jioni ni jambo jingine. Ndagala akiliwa mzima, pamoja na mifupa yake, huleta chokaa ya kujenga mifupa ya mlaji. Na bugali, ambayo peke yake ni ya kushibisha tu, yakutana na ndagala, na sombe au lengalenga, ndipo inapokuwa mlo. Chakula chetu kina wenzake. Mchezo haujui wenza. Wajua kimoja kimoja.

Naja kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Mchezo wafundisha jicho sheria moja: aliyefura amekula mno. Tumbo kubwa, uso wa mviringo, mwendo mzito, basi huyo ni mlafi, achekwe. Katika Kivu sheria hiyo ni ya hatari. Wazazi wajua bwaki, ule ugonjwa ambao waganga huuita kwashiorkor. Huko Lwiro, karibu na Bukavu, wataalamu waliuchunguza tangu miaka ya 1950, na Bukavu kipo chama kilichojipa jina lake, Comité Anti-Bwaki. Mtoto wa bwaki hufura uso na miguu. Nywele zake hugeuka rangi, ngozi huchubuka, hataki kucheza. Ukimbonyeza mguu kwa kidole, shimo hubaki. Asiyejua humwona amenona, naye yuko katika njaa. Mara nyingi ameachishwa kunyonya akapewa uji wa muhogo mtupu. Asipopelekwa hospitali upesi, aweza kufa. Basi kijana aliyezoezwa kila siku kusoma mwili kwa namna ile, siku akibaki nyumbani na mdogo wake aliyefura miguu, atamsomaje?

Hata kwa walionona kweli, kicheko kile si dawa. Msichana anayefundishwa kwamba mwili mwembamba hushinda alama hataongeza mboga, ataacha kula.

Yawezekana mtu akasema: huu ni mchezo tu, haufundishi kitu. Siafiki. Mwaka 2011 mtaalamu Tom Baranowski na wenzake, huko Marekani, walitoa habari za watoto waliopewa michezo miwili iliyotungwa kwa makusudi ya afya, mmoja wao ukiitwa Escape from Diab. Watoto wale waliongeza matunda na mboga, karibu theluthi mbili za kipimo kimoja kwa siku. Maji ya kunywa hawakuongeza, wala mazoezi, wala miili yao haikubadilika. Faida ni ndogo, lakini ipo. Nayo ilitoka katika michezo yenye hadithi ndefu na malengo ambayo mtoto alijiwekea, si katika mbio za dakika moja.

Ningependa kuona mchezo ambao mkimbiaji wake ana mfuko wa franga zenye hesabu, na chungu, na mdogo wake mgongoni. Juu ya ziwa kuna mwezi unaokua na kupungua. Na muhogo aliouokota hauhesabiwi mpaka siku zake za maji zitimie. Hautakuwa wa mbio sana, nakubali.

Kwa sasa, wenye telefoni wajue jambo moja dogo. Kati ya mbio na mbio mchezo huleta matangazo, na hayo ndiyo yanayowalisha watengenezaji wake. Kila tangazo hula mega zilizonunuliwa kwa franga. Mingi ya michezo hii huchezeka bila intaneti. Ukiifunga kabla ya kumpa mtoto telefoni, matangazo mengi hayataingia.