Turudi kwa Kondoo Wetu

Katika karne ya 15 Wafaransa walivunjika mbavu kwa mchezo wa jukwaani kuhusu wakili mmoja aitwaye Pathelin. Wakili huyu hana kesi wala senti, ila ulimi anao. Anakwenda kwa muuza vitambaa, anamsifu, anamsifia na marehemu baba yake, kisha anaondoka na kitambaa cha mkopo. Muuzaji akifuata fedha zake nyumbani, anamkuta wakili yuko kitandani, taabani, akiweweseka kwa lahaja hii na ile. Muuza vitambaa huyo huyo ana kondoo pia, na mchungaji wake amekuwa akiwaua na kuwala. Anamshtaki. Kufika mahakamani, anayemtetea mchungaji ni nani? Yule mgonjwa. Hapo maneno yanamchanganyikia muuza vitambaa mdomoni: akianza na kondoo anaishia kwenye kitambaa, akianza na kitambaa anaishia kwenye kondoo, na hakimu kila mara anamsihi arudi kwenye kondoo. Mchungaji naye amefundishwa na wakili wake kujibu kila swali kwa mlio mmoja tu, "bee". Anashinda kesi. Pathelin anapodai ujira wake, anajibiwa, "Bee."

Tangu hapo Mfaransa anayetaka kuyarudisha mazungumzo kwenye jambo lililoachwa njiani husema, "Turudi kwa kondoo wetu." Waingereza waliupenda msemo huo wakauchukua, lakini walipofika kwenye neno la kondoo waliweka neno lao linalofanana nalo kwa sauti, ambalo kwao ni jina la nyama. Kwa hiyo Mfaransa hurudi zizini, na Mwingereza hurudi mezani.

Sasa mtu apewe kazi ya kuueleza msemo huu kwa mstari mmoja. Ataandika: "Maana yake ni turudi kwenye mada." Amesema kweli, na msomaji bado hajui kitu. Hajui kwamba msemo huu huambatana na tabasamu, kwamba huambiwa mtu aliyepotea kwenye maneno yake mwenyewe, na kwamba msibani haufai. Ndiyo maana nimeamua kuwasifu watu wa ufundi ambao haupewi zawadi wala sherehe: wale wanaokaa na misemo ya lugha moja, wakaieleza kwa watu wa lugha nyingine bila kuiua.

Kwa Kifaransa na Kiingereza, bingwa wangu ni Randle Cotgrave. Alisoma chuo cha St John's, Cambridge, kisha akawa katibu wa bwana mmoja wa ukoo mkubwa wa Cecil. Mwaka 1611, mwaka ule ule Waingereza walipotoa Biblia ya Mfalme James, yeye alichapisha London kamusi ya Kifaransa na Kiingereza ambayo wanazuoni wanaifungua hadi leo. Utamu wake uko katika uroho wa mwandishi. Kisawe kimoja hakimtoshi. Hurundika viwili, vitano, vinane, kimoja cha kanisani na kingine cha kilabuni, kana kwamba anaogopa msomaji atabisha hodi kwenye mlango asioufungua. Chini ya neno la kawaida kabisa huweka misemo inayolitumia, kisha methali zake. Mskoti Thomas Urquhart alipotafsiri kazi za mwandishi Mfaransa Rabelais na kuanza kuzichapisha mwaka 1653, aliikomba kamusi hiyo kwa mikono miwili, na penye tusi moja la Kifaransa Waingereza wakapata msururu mzima. Wapo wanaoiita kasoro. Mimi naiona kuwa heshima: mtu akiwa hana hakika msemo utatumika wapi, na amwekee msomaji vingi achague mwenyewe.

Na hakuupata ujuzi huo vitabuni peke yake. Zimebaki barua zake kwa Beaulieu, katibu wa balozi wa Uingereza mjini Paris, na ndani yake anashukuru kwa msaada aliopewa katika kazi ya kamusi. Barua mojawapo inachekesha na kutia huruma kwa pamoja. Beaulieu alikuwa ametaka nakala mbili. Cotgrave, kwa kuwa hakujiwekea akiba hata moja ya kitabu chake mwenyewe, ilimbidi azinunue kwa wauza vitabu kwa shilingi 22, ndipo akaomba arudishiwe fedha hizo huku akiwasema wauza vitabu bila kuwaonea haya.

Ugumu wenyewe wa kazi hii huonekana pale methali zinapodhaniwa kuwa pacha. Mfaransa husema kwamba paka aliyeunguzwa huogopa hata maji baridi. Mwingereza wa zamani husema mtoto aliyeungua huogopa moto. Sisi tunasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu anaweza kuziweka tatu hizo mstari mmoja akaenda zake kulala. Lakini mtoto wa Mwingereza ana akili: anaogopa kitu kile kile kilichomuunguza. Paka wa Mfaransa na mtu wetu wa ung'ongo wanaogopa kisicho na madhara, na ndiyo sababu tunawacheka kidogo hata tukiwahurumia. Mwenye ufundi hulitambua hilo, akaandika kwamba Kiswahili na Kifaransa hapa viko jirani, na Kiingereza kimekaa mtaa wa pili.

Au chukua ile ya kutoonana. Kwa Mfaransa, aliye mbali na macho yuko mbali na moyo. Kwa Mwingereza, kisichoonekana hutoka akilini. Vitabu vingi vya shule vingeharakisha kuweka hapo "asiyekuwapo na lake halipo". Hapana. Methali yetu inazungumzia fungu: sahani imegawanywa, shauri limekatwa, urithi umepangwa, nawe hukuwapo. Mpenzi aliyeachwa Mombasa akimwandikia mwenzake aliye Marseille hawezi kulalamika kwa methali hiyo, labda kama wanadaiana.

Halafu kuna sauti, nayo karibu kila mara huanguka njiani. Mfaransa akisema kwamba mwizi wa yai atakuja kuiba ng'ombe, nguvu ya usemi iko katika maneno œuf na bœuf, ambayo yanagongana kwa vina. Ukivuka mpaka, yai na ng'ombe hawana ujamaa, na kilichobaki ni onyo la polisi. Kwa bahati nzuri, mara chache lugha mbili hukutana hata kwenye vina. Kiingereza kina methali kuhusu rafiki wa wakati wa shida ambayo mwisho wa kila nusu yake unalia sauti moja. Nasi tunayo: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mfaransa, mwenye sifa zote za ufasaha, hapo analisema jambo hilo hilo kwa sentensi ya kawaida isiyo na mlio wowote. Nakiri kwamba nilipoligundua hili nilifurahi isivyofaa.

Mzee wa wote katika kazi hii, kwa Ulaya nzima, alikuwa Erasmus wa Rotterdam. Mwaka 1500 alichapisha Paris mkusanyo wa methali za Kigiriki na Kilatini, zaidi kidogo ya 800, akaendelea kuulisha hadi alipofariki mwaka 1536 ukiwa umepita 4,000. Methali nyingi ambazo Mwingereza na Mfaransa kila mmoja anadai ni za bibi yake zilipita kwenye meza ya Mholanzi huyu. Ile ya jiwe linaloviringika ambalo haliоti kuvu la kijani ni mojawapo. Na kwa kuwa mkono wake ulikuwa mrefu hivyo, kuteleza kwake nako kumefika mbali. Wagiriki walikuwa na msemo wa kuuita mtini mtini na hori hori, yaani kusema mambo yalivyo. Erasmus alilichanganya neno la hori au beseni na jingine linalokaribiana nalo, la chombo cha kuchimbia. Nicholas Udall akatafsiri kwa Kiingereza mwaka 1542, na chombo kile kikawa koleo. Wafaransa waliponea, kwa sababu wao huita paka paka. Sisi hatukuponea: wanasiasa wa Tanzania wakitaka kuonekana wakweli husema koleo liitwe koleo, lisiitwe kijiko kikubwa, na makofi yanapigwa. Ni Erasmus huyo huyo aliyelifanya pipa la Pandora, mtungi mkubwa wa kuhifadhia chakula ambao Mgiriki asingeweza hata kuubeba, kuwa kisanduku. Leo Kifaransa na Kiingereza vyote vina kisanduku hicho, na magazeti yetu yanakifungua karibu kila mwaka wa uchaguzi.

Simlaumu. Miaka zaidi ya 500 imepita na kila mtu anaelewa koleo hilo linachimba nini. Kosa la kulaumiwa ni la aina nyingine, na mfano wake uko katika kitabu kilichochapishwa Paris mwaka 1855 kuwafundisha Wareno Kiingereza. Mtunzi, Pedro Carolino, kwa dalili zote hakukijua Kiingereza. Alichukua kitabu cha mazungumzo cha Kireno na Kifaransa cha José da Fonseca, akaweka pembeni kamusi ya Kifaransa na Kiingereza, akaanza kubadilisha neno moja baada ya jingine. Kifaransa kina msemo wa kale ambao maneno yake yanahusu kutafuna kitu kiitwacho marmot, na maana yake ni kungoja hadi uchoke. Carolino akatafuta tafuna, akatafuta marmot, na mwanafunzi wa Kireno akafundishwa kumwambia Mwingereza habari za kumtafuna kima mdogo. Mwaka 1883 kitabu kikachapishwa upya London kwa ajili ya kuchekwa, na toleo la Marekani likapata dibaji ya Mark Twain. Carolino alikuwa na maneno yote. Alichokosa ni mtu mmoja wa kumuuliza, "Hivi, hili mnalisema lini?"

Kuna eneo moja ambalo mwenye kamusi anapaswa kujizuia asicheke. Mwingereza akiona mtu ametoka kwenye karamu bila kuaga, husema ameondoka Kifaransa. Mfaransa akiona jambo hilo hilo, husema fulani ameponyoka Kiingereza. Hapa, kwa mara moja, tafsiri inakamilika pande zote mbili, na kila upande umeridhika.

Ufundi huu ulifika na pwani yetu. Mwaka 1891 mmisionari Mwingereza wa Mombasa, W. E. Taylor, alichapisha London mkusanyo wa methali za Kiswahili zenye tafsiri na maelezo. Mfaransa Charles Sacleux, padri wa shirika la Roho Mtakatifu aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19, alitoa kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa kuanzia mwaka 1939, naye hakuziacha methali nje. Kwa hiyo haba na haba yetu ilipelekwa kukutana na ndege wa Kifaransa anayejenga kiota kidogo kidogo, na Roma ya Waingereza ambayo haikujengwa kwa siku moja. Waingereza, kwa ajabu, hawakuona haja ya kuitaja London.

Taylor alikuwa na sikio zuri, lakini sikio hilo lilifunzwa. Nyuma yake walikuwapo wanazuoni wa Mombasa, akiwamo Mwalimu Sikujua, ambaye bila yeye mashairi mengi ya mshairi Muyaka yasingetufikia. Jalada lina nafasi ya jina moja. Kila ninapokutana na maelezo mazuri ya methali, yale yanayotaja nani humwambia nani na wakati gani, hujiuliza ni nani aliyekuwa ameketi upande wa pili wa meza akisema, "Hapana, bwana, hiyo haisemwi kwa mkubwa."

Kazi haijaisha, na ingefaa sasa ifanywe na watu wa Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura, ambao Kiswahili na Kifaransa wanavitumia siku moja, pengine sentensi moja. Ningetamani kuona watakavyoukabili msemo wa akili ya ngazini. Chimbuko lake hutajwa kuwa tukio alilolisimulia mwanafalsafa Mfaransa Diderot: alikuwa mezani kwa Necker, mwandishi mwenzake Marmontel akamtupia neno la kumziba mdomo, na Diderot akaeleza kwamba mtu wa namna yake hupoteza kichwa papo hapo na hukipata akiwa ameshafika chini ya ngazi. Ndilo lile jibu kali linalokuja umechelewa. Waingereza walishindwa wakauchukua msemo wa Kifaransa kama ulivyo. Nyumba zetu nyingi hazina ghorofa, na jibu la namna hiyo humkuta mtu yuko ndani ya daladala, kituo cha tatu. Kuna watakaotaka kuandika hivyo hivyo, akili ya daladala. Mimi ningewashauri waziache ngazi za Necker zilipo, wamtaje Marmontel na alivyomnyamazisha mwenzake mbele ya wageni, kisha wampe msomaji mfano mmoja wa mtu anayeongea peke yake njiani akirudi nyumbani.