Fasili ya Aina za Barabara katika Ramani ya Pamoja

Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, huchorwa katika intaneti na watu wa kila nchi kwa kujitolea. Kila barabara hupewa aina yake, na majina ya aina hizo yalitokana na desturi za Uingereza. Nia yetu ni kuonyesha jinsi majina hayo yapotoshavyo yasipofasiliwa vema kwa Kiswahili.

Mtu wa Singida akiulizwa aina ya barabara, aghalabu hujibu kuwa ni ya lami, ya changarawe au ya vumbi. Hayo ni maelezo ya hali, si ya kazi. Mchoraji naye, atazamapo picha iliyopigwa kutoka angani, huona udongo mtupu, akaandika "njia ya shambani". Lakini barabara itokayo Manyoni kupita Itigi hadi Tabora ilihesabiwa kuwa barabara kuu kabla haijapata lami. Lami ilibadili hali yake, haikubadili daraja.

Kosa la pili ni la tafsiri. Aina moja ina jina la Kiingereza ambalo, likigeuzwa neno kwa neno, huwa "isiyoainishwa". Mwanafunzi hudhani kuwa aina yake haijajulikana. Kumbe hiyo ni daraja kamili, yaani barabara ndogo iunganishayo kijiji na kijiji.

Huu si ubishi wa maneno matupu. Programu za kutafutia njia hufuata aina iliyoandikwa. Barabara iendayo zahanati huko Mkalama, ikiitwa njia ya shambani, yaweza kuepukwa na programu, na gari la wagonjwa likazungushwa bure.

Dawa i karibu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zatambua barabara kuu na za mikoa, zisimamiwazo na TANROADS, na za wilaya, yaani za mjazio, za mlisho na za jamii, ambazo tangu 2017 zi chini ya TARURA. Majina haya hutaja kazi. Hali ya barabara na iandikwe mahali pake. Ni kweli kwamba "mjazio" na "mlisho" ni maneno mageni kwa wanavijiji wengi. Kwa hiyo kila moja lapasa kupewa fasili fupi na mfano wa barabara waijuayo, kwani neno lisilo na mpaka haliwezi kumwongoza msafiri.